Siku ya Kuzaliwa ya Muhtasari

"Muhtasari huu umeupika juzi, Mama Brayson! Nani alikubali kuhamisha banda la nguruwe?"

"Wewe, Mama Jeni! Kikao cha Machi, kwa kinywa chako mwenyewe!"

Feliciana, ndiye Mama Jeni, alisimama sebuleni kwa Elina ameshika kiuno kama mtungi wenye mikono miwili. Nyuma yake majirani walijaa hadi mlangoni, maana baridi ya Njombe ni kali na ugomvi wa watu hupasha moto kuliko jiko la mkaa. Elina, ndiye Mama Brayson, alikuwa katibu wa kikundi chao cha majirani. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani, nayo ilimsaliti mchana kweupe: faili la muhtasari wa Machi lilionyesha kwamba liliundwa tarehe mbili Juni. Juzi tu!

Mwenyekiti, Mzee Sadock, alikohoa. "Katibu, kama umeghushi, ukatibu wako unaishia leo."

Elina alinywea kama kifaranga aliyenyeshewa. Miaka sita ya uaminifu ilikuwa ikimponyoka.

"Hodi! Kamwene!" Aliingia Peace, dada wa mumewe, aliyesubiriwa tangu asubuhi. Alikuwa fundi wa kompyuta huko Makambako. Kabla hajatua begi, watu watano walimsimulia kwa pamoja. Akainama kwenye kompyuta.

"Wifi, faili hili ulilihamisha?"

"Ndiyo, juzi. Kompyuta ya zamani iliharibika kioo, fundi akanitolea kila kitu kwa flashi."

"Basi hiyo ni tarehe ya kuhamia, si ya kuzaliwa. Kompyuta ni kama koo za watu, kila moja na desturi yake. Nyingine huandika siku faili lilipozaliwa, nyingine siku lilipoingia ndani yake, nyingine haziandiki kabisa. Tazameni hapa chini: lilirekebishwa mara ya mwisho tarehe tisa Machi."

"Kurekebishwa kabla ya kuzaliwa!" alibeza Feliciana. "Wifi lazima amtetee wifi yake."

"Haya, Mama Jeni, una picha yoyote kwenye flashi?"

Feliciana akatuma iletwe flashi yenye picha za kipaimara cha Jeni, za Desemba. Peace akanakili moja, akawageuzia kioo. Iliundwa: leo.

"Hongera, Mama Jeni! Kumbe binti kapata kipaimara leo, na hata hukutualika!" alitania Peace.

Kicheko kilipasuka. Feliciana alikaza uso, ukamshinda. Akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Nilikubali, jamani. Nilidhani mmesahau! Nguruwe watahama wiki hii."

"Katibu, endelea na kazi," akasema Mzee Sadock.

Elina akashusha pumzi, akamshika Feliciana mkono. "Twende ukale, jirani. Nimemchinjia wifi jogoo, na ugali ushaiva."

"Mimi niliyekuja kukung'oa?"

"Wewe kwanza. Ingieni wote!"

Mzee Sadock alikuwa keshakaa, ananawa. "Katibu kapona aibu, na sisi tumepona njaa," alisema. "Kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone."