Fuko Alipoketi Kiti cha Msomi

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo!
Basi yafungueni.

Ngano hii imevuka bahari. Wanasema jambo la namna hii lilitokea Marekani, karne ya ishirini ikiwa bado changa, enzi za rais mmoja mpenda fimbo. Mimi imenifikia ikiwa imeshaota mikia na manyoya, nami nawapa kama nilivyopewa.

Kulikuwa na kilima cha makaa ya mawe, na kilima kilikuwa cha Dubu. Fuko walichimba, chaka chaka chaka, Dubu akauza. Fuko walikohoa, kwehe kwehe kwehe, Dubu akauza. Siku moja Fuko mkubwa wao, baba wa watoto wengi, akaweka sururu chini.

"Tupunguziwe saa za shimoni, tuongezewe posho. La sivyo hatuchimbi."

Na wenzake wote wakaweka sururu chini.

Dubu akacheka. Mwili wake umejaa mafuta, baridi itamfanya nini? Lakini theluji ikaanza kuanguka, na nchi nzima haina moto. Nyumbani kwa Fuko hakukuwa na kaa hata moja, na kitindamimba wake alitetemeka mchana na usiku. Fuko alimkumbatia tumboni akawaza: nikirudi shimoni huyu ataota moto leo, kisha atakohoa maisha yake yote. Ilimuuma sana. Hakurudi.

Nyati, mtawala wa nchi, akawaita.

"Dubu, kaa na Fuko mzungumze."

"Dubu hakai na fuko."

"Basi wenzenu wa pande zote mbili waketi baraza waamue."

"Dubu hakai na fuko."

Nyati akagonga fimbo yake sakafuni, ngo. "Nitapeleka askari wangu wachimbe kilima chako."

Hapo Dubu akalegea kidogo. "Haya, liwepo baraza. Aketi hakimu, na askari, na mfanyabiashara, na msomi wa mambo ya jamii. Hao wana heshima zao. Fuko, hapana."

Nyati akatoka amenuna. Fuko alikuwa anangoja mlangoni.

"Mzee, huyo msomi ameshapatikana?"

"Bado."

"Dubu amesema asiwe na makucha?"

"Hakusema."

"Basi naomba joho."

Nyati akamtazama mpaka kicheko kikampanda puani.

Baraza likaketi. Dubu akapitisha macho. Huyu hakimu, sawa. Huyu askari, sawa. Huyu mfanyabiashara, sawa. Akafika kiti cha mwisho: joho linaburuta sakafuni, pua ina masizi.

"Na huyu?"

"Msomi wa mambo ya jamii," akasema Nyati.

"Ananuka makaa."

"Jamii anayoisoma inachimba makaa."

Dubu akamkazia macho. Moyo wa Fuko ukadunda, du du du, maana alijua ametambuliwa; hao wawili wametazamana kilimani miaka mingi. Lakini Dubu alichokuwa anakitaka ni kimoja tu, asionekane amekaa na fuko. Akavuta kiti.

"Mradi si fuko," akasema. "Tuanze."

Baraza likakata shauri: posho iongezwe, saa zipunguzwe. Jioni hiyo moshi ukafuka kila nyumba. Ila kabla ya kuondoka Dubu alitaka itangazwe kwamba yeye mwenyewe amewahurumia wachimbaji, kwa ushauri wa msomi, na jina la fuko lisitajwe. Fuko akakubali.

Alipofika nyumbani, kitindamimba alikuwa amenyoosha miguu mbele ya moto.

"Baba, umemshinda Dubu?"

Fuko akafikiri kwanza. "Sijui, mwanangu. Mle ndani fuko hakuwepo."

Ngano yangu imekaa chini, imechoka. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda ailalie. Na fundisho lake, enyi watoto, ni hili: kila mmoja akae kwenye kiti chake, wala asijiite asivyo. Aliyejiita asivyo mmesikia yaliyompata. Wanawe waliota moto.