Kwa Nini Mitungi ya Makaburini Hutobolewa Kitako

Sogeeni, na anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu habari hii hainichekeshi. Zamani sana, watu wa kilima cha Irindi waliwazika wafu wao pamoja na mali nzima. Marehemu alishushwa kaburini na jembe lake, shanga zake, na kando ya kichwa mtungi uliojaa maji, maana safari ya kwenda kwa wazee waliotangulia ilisemekana ni ndefu na haina kisima. Msimamizi wa hayo yote alikuwa Mwadime, mzee wa mazishi. Yeye ndiye aliyewaamuru wafiwa walete kilicho bora, na ole wake aliyeleta kibovu! Alisemwa hadharani mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Basi akafa Mghoi, mfinyanzi. Binti yake Wakesho hakuwa na kitu cha kumpa ila mtungi wa mwisho aliofinyanga mama mwenyewe, wenye alama ya kidole gumba chake kilichopinda. Nyumbani hakukubaki mtungi mwingine. Wakesho akawa anateka maji kwa kibuyu, wala hakunung'unika, kwa kuwa alilala akijua mama yake hana kiu.

Mavuno yalipokwisha, Mwadime akafanya harusi ya mwanawe. Wakesho akaenda na wanawake wenzake kusaidia kugawa pombe. Alipoinama kuchota, kata mkononi, akaiona alama ya kile kidole chini ya mdomo wa mtungi. Akaigusa. Hasira ambayo hakuwahi kuijua ikampanda. Walimfukua mama yake, wakamnyang'anya maji, kisha wakamwita yeye aje awagawie pombe humo humo!

"Baba Mwadime," aliita mbele ya wageni, "mtungi huu umeutoa wapi?"

Mwadime hakuona hata haya. "Tulia, binti yangu. Wafu hawanywi. Kitu kizuri kikikaa bure ardhini kinamfaa nani?"

"Mbona hayo hukuyasema siku ya mazishi?"

Mzee akageuka kuwatazama wageni. Wageni nao wakatazama chini. Wengi walikuwa wakijua siku zote, wakanyamaza kwa sababu pombe ilikuwa tamu.

Wakesho akaimwaga pombe yote miguuni pa Mwadime, akaupindua mtungi, akaokota jiwe na kuutoboa kitako. Kisha akaubeba kichwani hadi makaburini. Kaburi la mama yake lilikuwa limefukiwa ovyo, kama shimo la taka. Akalisawazisha kwa mikono yake, akauchimbia mtungi juu, wazi, kila mtu auone.

"Nisamehe, mama," alisema. "Huu hakuna atakayeutamani tena. Maji nitakuletea mwenyewe."

Akawa anakuja na kibuyu chake, anamimina, maji yanashuka kwenye tundu mpaka chini alikolala Mghoi. Wanawake wengine walipoona hivyo, wakaenda kukagua makaburi ya watu wao. Walichokuta kiliwatoa machozi, kisha wakaokota mawe, wakatoboa mitungi ya kuweka juu.

Mwadime alipokufa, wanawe walileta mtungi mpya kabisa. Wanawake wakawazuia njiani, wakautoboa.

"Sasa baba yetu atakunywa nini?" walilia wale wana.

"Mtakachomletea," Wakesho aliwajibu. "Miguu mnayo."

Walikuja siku za mwanzo, kisha wakachoka. Wakesho alipita pale kila mara na maji ya mama yake, wala hakumwachia mzee yule hata tone.

Na tangu siku hiyo, Irindi hakuna anayezikwa na kitu kinachoibika, na mtungi wa kaburini hutobolewa kitako mbele ya macho ya wote. Leo wataalamu wa mambo ya kale wanakuja na brashi zao. Chini wanakuta shanga na mitungi mizima ambayo wezi hawakuifikia, juu wanakuta mitungi yenye matundu, na wanaulizana ni dini gani mpya iliingia hapa. Haikuingia dini yoyote. Wakubwa waliwaibia wafu, na mtoto wa mtu akakasirika.