Mzigo Ng'ambo ya Mtaro

Hii nilitumiwa siku niliyochoka, nikaona nisikae nayo peke yangu.

Mzee Mwasomola aliendesha foklifti ya mkono mrefu kwa miaka kumi na tisa. Si ile fupi ya ghalani. Hii ina matairi makubwa ya kupita kwenye tope, na mkono wa chuma wa kuinulia mizigo, unaochomoka kipande kutoka ndani ya kipande, ukapanda juu na kwenda mbele. Mahali ambapo winchi ingekwama, yeye ndiye aliyeitwa. Mashambani alipanga marobota ya nyasi, mjini alipandisha tofali. Na kila alikokwenda alikuta bosi mwenye haraka. Haraka za watu zilikuwa zimemchosha kuliko kazi yenyewe.

Safari hii walijenga ghala la mahindi, na mvua zilikuwa zinabisha hodi. Mabati ya tani moja na nusu yalitakiwa kufika juu ya ukuta, ng'ambo ya mtaro mpana.

Mzee akayabeba mabati, akanyoosha mkono wa mashine kuvuka mtaro. Haujafika hata nusu, king'ora cha kuonya kikalia, magurudumu ya nyuma yakaanza kuinuka. Akaurudisha taratibu.

"Mbona unarudisha?" aliuliza Injinia Kileo, msimamizi wa kazi. "Si mashine hii inabeba tani nne?"

"Inabeba nne mkono ukiwa umekunjwa, bosi. Ukinyooka mpaka kule, hata tani moja haifiki. Chati ya uzito hii hapa. Tufukie mtaro, nisogee."

"Kufukia ni siku nzima. Mvua itanisubiri?" Akawageukia vibarua. "Nyote watano pandeni nyuma, muikandamize. Na wewe mzee, kama umechoka sema. Madereva wapo."

Vibarua wakapanda. Nani angekataa, na kazi zenyewe za kubahatisha? Mzee aliwatazama kwenye kioo, roho ikamuuma. Akikataa, kazi hana. Akikubali, mashine itabinuka na watu watano. Akaizima, akashuka na daftari na kalamu.

"Wewe unaitwa nani?"

"Luhende."

"Kwenu nimpe nani taarifa?"

"Taarifa gani, mzee?"

"Ya jioni."

Luhende akashuka. Wa pili hakungoja kuulizwa. Muda si muda nyuma ya mashine hapakuwa na mtu.

Injinia akafura. "Waoga nyie. Nitakaa mimi mwenyewe." Na kweli akapanda, akakaa.

Mzee hakubishana, nguvu za kubishana hakuwa nazo. Akafungua ukurasa mwingine.

"Jina lako ninalo, bosi. Nimpigie nani?"

"Mpigie mke wangu," alisema Injinia. Akaitazama kalamu ikiandika. Kisha akashuka.

"Leteni makoleo," alisema kwa sauti ya chini.

Walifukia na kushindilia mpaka kesho yake mchana. Mzee akaisogeza mashine hadi ukutani, mkono ukanyooka kidogo tu, mabati yakapanda na king'ora kimya. Mvua iliwakuta bado wanaezeka, wakalowa wote saba, Injinia akiwemo. Walilowa wakiwa wazima.

Funzo: Mkono kadiri unavyonyooshwa mbali ndivyo unavyobeba kidogo. Mzigo ukikushinda, usitafute watu wa kuhatarisha nyuma yako, sogea kwanza karibu na unakoupeleka.