Kakakuona na Foleni Mbili

Nianze, nisianze?
Anza, masikio yetu yako hapa.
Ngano ya leo ina magamba.
Ilete tuishike.

Homa iliingia msituni. Mganga alikuwa Fisi, na tusimwonee, uganga aliujua. Alikuwa ametazama wagonjwa mpaka akagundua kwamba wanaonyonyesha na watoto wao huponywa na magome machungu, na wenye magamba huponywa na udongo wa chemchemi. Akapanga foleni mbili. Swala akanywa magome, akapona. Kenge akanywa udongo, akapona.

Ila Fisi ni Fisi. Akaongeza sheria: asiye na foleni ni wa jikoni. Chura akaja. Hanyonyeshi, hana magamba. Akapitishwa jikoni, hakutoka.

Kakakuona naye akaja, mwanawe kifuani anachemka kama chungu. Foleni ya magamba ilikuwa fupi. Akasimama hapo.

Fisi akamnusa. Mate yakamdondoka, do, do, do.

"Mama, una magamba?"

"Ninayo, mganga."

"Na huyo mtoto, mbona ana maziwa mdomoni? Wewe ni wa huku na wa kule. Wa huku na wa kule hana foleni. Pita jikoni, mama yangu, moto umekolea."

Kakakuona akajikunja, kru. Mtoto ndani, magamba nje.

"Nitafutie hayo maziwa, mganga," akasema kutoka ndani.

Fisi akamgeuza: magamba. Akambiringisha, bingiri bingiri: magamba. Akamng'ata, kacha. Jino likaanguka.

"Umeyaona?"

"Thijayaona," akasema Fisi.

Foleni nzima ikacheka.

"Bwana mganga," akasema Kenge, "mpe mwenzetu udongo wake, wengine tuna homa."

Fisi akampa.

Kakakuona akaenda nyumbani anacheka. Akamnywesha mtoto udongo, akangoja. Homa haikushuka. Akamnywesha tena. Homa haikushuka. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya kidogo, akaliachia. Hapo mama akaelewa. Chungu cha magome kilikuwa palepale kwa Fisi, angenyoosha mkono angekigusa.

Akarudi mbio, pata pata pata. Akasimama mbele ya Fisi, akaonyesha tumbo lake laini lisilo na gamba hata moja.

"Ninanyonyesha, mganga. Mpe magome, kisha unile."

Fisi akamgusa mtoto. Alikuwa baridi. Mate hayakumdondoka.

"Ungethema mapema, mama."

"Ningesema mapema, ungetula."

Fisi akatazama foleni zake mbili, akatazama mlango wa jikoni.

Kakakuona akajikunja palepale, mtoto ndani. Hadi leo ukimgusa, hujikunja. Watu husema anaogopa. Anamshika mwanawe.

Basi funzo letu, wapenzi: ukienda kwa mganga, chagua foleni fupi.

Ngano yangu imejikunja. Mwenye nguvu aikunjue.