Mwalimu Pimbi Hajui Aseme Nini

Hapo zamani za kale, watoto wangu, ugomvi ulikuwa umeshapamba moto uani kwa Kiboko. Nungunungu, mwanafunzi wa darasa la kwanza, alikuwa mbele ya wenzake, amesimamisha miiba yote.

"Mwizi! Uliazima sufuria ya shule siku moja tu. Leo siku ya tatu hatunywi uji."

Kiboko akapiga mwayo, hoaaa, mdomo ungemtosha mtoto na daftari lake. Akauliza shahidi ni nani. Wageni wake, wakwe waliokuja kumposa binti yake, wakamkemea mtoto kwa kumtukana mzee. Na sufuria? Kiboko alikuwa ameifudikiza chini, ameikalia kama kigoda. Kwa mwili ule, nani angeiona?

Mimi ningemwita mwizi mara ya pili, halafu ningerudi na njaa yangu. Lakini mwalimu wao, Bi Pimbi, mdogo kama kiazi, alimvuta mtoto kando akamnong'oneza: "Ukimtuhumu, wanamtetea. Waonyeshe umeshindwa kuamua, wakuamulie wao. Tazama."

Akawasalimia wakwe mmoja mmoja, akashusha pumzi.

"Wazee wangu, nimekwama. Sijui niwaambie nini watoto hawa. Niseme Mzee Kiboko hana sufuria nyumbani kwake, tumwachie ya shule? Au niseme anazo, ila hapendi wanywe uji? Naogopa kumkosea. Nyinyi mnaotaka ukwe naye, niseme lipi?"

Wakwe wakatazamana. Mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Jasho likamtoka Kiboko. "Si hilo wala lile, mwalimu. Nilisahau tu." Akainuka, na sufuria ikabingirika, ng'wang'wang'wa, mpaka miguuni pa watoto.

Wakarudi nayo wameibeba vichwani. Njiani Nungunungu akauliza kama kweli mwalimu hakujua la kusema.

"Nilijua tangu mlangoni," alijibu Bi Pimbi. "Ila ningelisema mimi, lingekuwa langu peke yangu."

Basi shikeni hili: mkubwa aliyezishinda kelele zote alishindwa na mdogo aliyewauliza wengine aseme nini.

Walipofika shule, Bi Pimbi akataka somo lirudiwe kwanza, kila mtu kwa zamu. Nungunungu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sijui niseme nini. Niseme umechoka kupika, au niseme..."

Bi Pimbi akacheka, akamlaza miiba taratibu kwa kiganja. "Mimi si Kiboko, mwanangu. Niambie wazi."

"Uji wetu wa siku tatu."