Sungura Alivyokitoa Kilima

Niwape, nisiwape?
Tupe, tuonje.
Na ikiwa chungu?
Tutameza.

Hapo kale wanyama wa Mtoni, wa Bondeni na wa Kilimani waliungana wakawa nchi moja. Mto ulitoa maji, Bonde likatoa majani, Kilima kikatoa chumvi ya kulamba. Mkuu wa nchi alikuwa Nyati. Mkuu wa Kilima alikuwa Sungura, nanyi mnamjua Sungura.

Siku moja akasimama barazani, akasema, "Kilima kinajitoa. Chumvi ni yetu."

Wanyama wakaduwaa. Kiboko alikuwa anatafuna, akasahau kumeza.

"Hamwezi," Nyati akasema. "Nchi ni moja, haikatwi."

"Tuliingia kwa hiari, tutatoka kwa hiari."

Akalisema neno hilo mara ya pili. Akalisema mara ya tatu, amempa Nyati mgongo. Mnaiona adabu hiyo?

Wakamgeukia Kobe, hakimu wao. Kobe akafikiri mpaka kivuli kikahama. "Aliyeingia kwa hiari," akasema, "atoke kwa hiari. Ndiyo sheria tangu leo, kwa kila mtu."

Nyati akakaa chini. Kiboko akalia mbele ya watoto wake. Sungura akarudi Kilimani akiruka, akiruka, akiruka.

Kileleni, penye chumvi, akamkuta Mama Pimbi amekaa na ukoo wake wote.

"Mama Pimbi, tumeshinda."

"Tumesikia, baba. Nasi tunajitoa. Tuliingia Kilimani kwa hiari, na kilele hiki ni chetu."

Sungura akaacha kuruka. "Hamwezi," akasema. "Kilima ni kimoja, hakikatwi."

"Si ndivyo alivyosema Nyati asubuhi?"

Wewe unayecheka hapo nyuma, ngoja kwanza.

Sungura akashuka mbio kwa Kobe. Hata shikamoo hakutoa. "Babu, wazuie Pimbi."

"Nitawazuia," Kobe akasema. "Ila sheria ni moja. Wakizuiwa wao, nawe umezuiwa, unarudi kwa Nyati. Wakiachiwa, unabaki na kilima kisicho na chumvi. Niamue lipi?"

Sungura akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua, akaufunga. Akafungua, akaufunga.

Mtazameni hata leo. Hali chochote, hasemi neno, lakini mdomo unachezacheza. Kobe bado anamsubiri ajibu.

Yangu yameishia hapo. Utamu tumegawana. Na uchungu?
Tumeumeza.