Tutamwangalia

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa viti vya nyuma msinikimbilie mlangoni mapema. Kuna mama mmoja nataka mkutane naye.

Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Tulia, kwa kuwa ndilo neno marehemu alilomwambia kila alfajiri akimkamua. Baada ya msiba mama yule akawa analisema yeye, na kila akilisema ni kama anamsikia mumewe. Mnanielewa? Kwake yule hakuwa ng'ombe tu.

Siku moja alikwenda mazishini kijiji cha pili. Aliporudi alasiri alikuta zizi wazi na kamba imekatwa. Mwizi alikamatwa jioni hiyohiyo, nyama ikiwa kwenye magunia. Alikuwa kijana jirani yake, wa nyumba ya tatu. Kijana huyo alishakamatwa kwa kuku wa katekista, kisha kwa mbuzi wa mwalimu, na kesi ya mbuzi ilikuwa hata haijasikilizwa. Alikuwa nje kwa dhamana.

Wiki mbili nzima mama alichukua ndoo alfajiri kwa mazoea, akafika zizini, akasimama tu. Hakukuwa na wa kuambiwa tulia. Alimlilia mumewe upya, kama amezikwa jana. Mwisho akajifunga khanga, akaenda mjini kumtafuta aliyemwachia huru yule kijana.

Polisi wakamwambia, "Mama, sisi tulimkamata, tukamfikisha mahakamani. Waulize huko."

Mahakamani akampata karani, mzee mpole wa miwani. "Hakimu alifuata sheria, mama," karani akasema. "Mtu hajahukumiwa, ana haki ya dhamana. Ila hakimu aliuliza kama wapo watakaomwangalia, akaletewa barua hii." Akafungua jalada, akasoma: "Sisi majirani tunamfahamu kijana huyu, na tutamwangalia mpaka siku ya kesi yake."

Chini yake majina kumi na moja. La nne lilikuwa la mama mwenyewe.

Akakumbuka. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, mama mzazi wa kijana akizunguka na karatasi na kalamu. Yeye akaiegemeza karatasi kwenye kitabu chake cha nyimbo, akatia sahihi bila kusoma, kwa kuona haya, huku wakiulizana habari za mahindi. Nani kati yetu hajawahi kusaini hivyo?

"Lakini nilimwangalia," akamwambia karani. "Kila akipita nilikuwa dirishani, namwangalia mpaka apotee kwenye kona."

Karani hakucheka. Wakati huohuo askari akapita na kijana, mikono ikiwa na pingu. Mama akamziba njia. "Kwa nini Tulia wangu, mwanangu?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nimekosa, mama. Sina cha kujitetea. Ila siku zile nilizokaa nje nilikuwa naona mapazia yenu yanatikisika. Nilitamani mmoja wenu abishe hodi. Hata kama ni kunigombeza."

Sasa niambieni, nani awajibike? Kijana awajibike, na asitafutiwe visingizio; kamba aliikata kwa mkono wake. Hakimu naye ana la kujibu mbele za Mungu. Na wale kumi na mmoja, je?

Sisi kwa kuangalia hatujambo. Katoka mahabusu saa ngapi, kavaa nini, kapita na nani, mtaa mzima unajua kabla ya chakula cha mchana. Kisha tunafunga milango na kumngoja akosee tena, ili tuseme tulijua. Huko ndiko kumwangalia mtu? Natamani, ndugu zangu, natamani mpaka inaniuma, siku moja mtu atoke kwa dhamana kusubiri kesi yake, akute watu mlangoni kwake kabla hajavua viatu. Wamkaribishe na wambane. Wamuulize jana ulikuwa wapi, na kesho tunalima wapi.

Hamjaniuliza jina la kwanza kwenye ile barua lilikuwa la nani. Lilikuwa la mchungaji wao. Naye hakwenda kubisha hodi.

Leo kuna karatasi kama ile pale mlangoni, ya kijana mwingine, wa mtaa wetu huu. Nimeisoma, ila sijatia sahihi. Tukitoka hapa naenda kwanza kubisha hodi kwake, kwa miguu. Anayetaka kusaini, anifuate.